Fanueli, Aliyeigeuza Tanga Ikampa Mgongo Lodi

Wewe msomaji una tabia moja inayonikera kupita kiasi. Hutazami picha. Unasoma maneno yaliyoandikwa chini yake, unabonyeza moyo, unaitupa kwenye makundi yote ya familia, halafu unarudi kukaanga mayai yako roho imetulia. Kila Desemba simu yangu inajaa ile picha ya Raskazone: umati wa watu wa Tanga umempa mgongo mzungu anayehutubia jukwaani, na chini yake pameandikwa, "Mashujaa wetu walivyomdharau mkoloni." Juzi kaiweka jamaa mwenye shahada mbili. Nikamuuliza kama amezitazama zile nyuso. Akanifungia nisimwone tena.

Haya, zitazame wewe. Kuna mtu amekasirika pale? Videvu viko juu, mabega nyuma, mikono imebanwa mapajani, macho yametoka kama ya samaki changu kwenye barafu. Mama mmoja wa mstari wa mbele kabana pumzi mpaka mashavu yamemvimba. Jamaa wa pembeni yake kakunja mkono wa shati ili saa ionekane. Nani huyo anayemdharau mkoloni huku anatuonyesha saa?

Picha ile ilishinda tuzo. Ilimpa mpigaji wake kombe, ikakaribia kuwafungia akina mama wa Tanga ngoma yao, na mwisho ikamharibia yeye jina mpaka leo. Alikuwa anaitwa Fanueli. Binti yake, Mama Ruthi, yuko Makorora, mtu mzima sasa, na habari hizi nimezitoa kwake nikiwa nimekalia kindoo kilichogeuzwa, maana viti vyote alikuwa ameviazimisha msibani.

Fanueli alizaliwa Mlalo, juu kabisa Usambaani, nyumba ya Kilutheri. Kule mtu hateremki bonde na kupanda mlima wa pili eti anataka kuazima jembe. Anasimama ukingoni mwa shamba lake, anaita, na mwenye jembe anajibu kutoka upande wa pili. Watoto wanakua wakiongea hivyo. Fanueli alizidisha. Kwaya ya kanisa ilimwomba kwa heshima zote aimbe akiwa nje, dirisha limefungwa, na bado walikuwa wanamsikia yeye tu.

Alishuka Tanga kijana kukata mkonge, kama wengine wote, na mkonge ukamchoma kama unavyowachoma wengine wote. Tofauti yake ni kwamba alipochomwa, alipiga kelele mpaka msimamizi akadhani kuna mtu amekufa. Hakudumu. Akaingia mjini, akapata kazi ya kufagia kwenye studio ya Mhindi mmoja aliyeitwa Jivan.

Sasa Jivan alikuwa fundi kweli, ila sauti hana. Anaongea kama mtu anayesali. Na kamera zile za zamani, sanduku la mbao juu ya miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa, hazikuwa na huruma. Ukipepesa, umeharibu. Ukicheka, umeharibu. Jivan ananong'ona "usipepese", mteja anauliza "unasemaje?", kioo cha picha kimeshakwenda na maji. Siku moja Fanueli alikuwa anafagia, kachoka kuokota vioo vilivyoharibika, akapaza sauti kutoka kwenye kona yake: "Haya, huku! Kidevu juu! Pumzi ndani! Usipepese!"

Mteja akawa jiwe. Picha ikatoka safi kama ya malaika. Jivan akamnyang'anya ufagio palepale.

Toka siku hiyo Tanga nzima ilipita mikononi mwa Fanueli. Sikukuu ya Idi, mstari kutoka mlangoni mpaka barabarani. Krismasi, vilevile, wakata mkonge wa Kikatoliki na Kilutheri wametoka mashambani na suti za kuazima. Kulikuwa na pazia lililochorwa ngazi za jumba la Ulaya, kulikuwa na saa ya mkononi isiyotembea ambayo kila mtu aliivaa zamu yake, na redio isiyo na kitu ndani. Waswahili, Wadigo, Wabondei, Wapemba waliokuja kuuza karafuu, mapadri, makarani, hata wazungu wa boma. DC mwenyewe, mkuu wa wilaya, alikwenda pale kupiga picha ya kumpelekea mama yake, akapepesa, na Fanueli akamfokea kama alivyomfokea muuza mihogo aliyetangulia. DC akarudia. Mara ya pili akabana pumzi kama watu wengine.

Nakueleza haya yote ili ujue kitu kimoja. Katikati ya miaka ya hamsini, hapakuwa na mtu mjini Tanga asiyeijua ile sauti, na hapakuwa na mtu ambaye mwili wake haukujua la kufanya ikisikika.

Ila Fanueli mwenyewe alikuwa ameshachoka na pazia la ngazi. Alitaka kuitwa mpiga picha wa gazeti. Alikuwa anatembea na kipande cha gazeti mfukoni, picha ya meli inazama sijui wapi, anawaonyesha watu na kuwauliza, "Unaona? Hapa hakuna aliyeambiwa akae vizuri." Watu wanatazama, wanasema masikini ya Mungu, wanaendelea na safari zao.

Ndipo akaja Lodi.

Lodi gani, haikusaidii kitu. Alikuwa mkubwa kutoka Uingereza, anakuja kuona mkonge na kuwaambia watu wa Tanga kwamba mkonge ni mzuri. Boma ikaandaa mapokezi Raskazone, kwenye nyumba za wakubwa, uwanja unaotazama bahari. Shule zikaitwa, wakata mkonge wakaletwa kwa malori, na mbele kabisa wakawekwa akina mama wa ngoma ya lelemama wakiongozwa na Bi Mastura, wamevaa leso za sare, ili Lodi akimaliza kusema wamchezee.

Kulikuwa na gazeti moja dogo la Dar, lilikuwa halipatani sana na serikali. Mpiga picha wao alifika Tanga akaanguka homa, akalazwa. Wakauliza nani mwingine ana kamera. Jivan akanong'ona jina la Fanueli.

Mnaweza kufikiria alivyolala usiku ule. Hakulala. Asubuhi akabeba lile sanduku lake la mbao mpaka Raskazone, akafika jukwaani, na askari akamwambia pale mbele ni pa wazungu na wageni wao, yeye aende nyuma ya watu. Akaenda nyuma ya watu. Akasimamisha miguu yake mitatu mgongoni mwa umati wote. Lodi akapanda, akavua kofia, akaanza kusema. Fanueli akajifunika kitambaa, akatazama kwenye kioo, na alichokiona ni visogo. Visogo, vilemba, kofia za kiua, na kwa mbali kichwa kimoja chekundu kinafungua mdomo.

Na pale, chini ya kitambaa, gizani, mtu yule alisahau kabisa yuko wapi. Mama Ruthi anasema baba yake aliapa mpaka anakufa kwamba hakufikiri chochote. Aliona watu wamekaa vibaya, akawaweka sawa. Kazi yake ilikuwa hiyo.

"Haya, huku! Kidevu juu! Pumzi ndani! Msipepese!"

Uwanja mzima ukageuka. Wakata mkonge wakageuka, watoto wa shule wakageuka, walimu wao wakageuka, Bi Mastura na lelemama nzima wakageuka, wakapenya katikati ya watu mpaka mbele ya kamera, wakajipanga, wafupi mbele. Lodi akabaki peke yake anahutubia migongo. Fanueli akabonyeza. Akatoka chini ya kitambaa ameridhika, akawaambia asanteni, wakapumua, wakageuka tena kumsikiliza mgeni. Lodi aliendelea na mkonge wake. Inawezekana alidhani ni mila.

Jioni Fanueli alipoisafisha picha, kilichomfurahisha ni kimoja tu. Umati wote ule, hakuna aliyepepesa. Akaifunga, akaipa basi la Dar.

Gazeti lile halikuona watu wanaopiga picha. Liliona uasi. Likaiweka ukurasa wa mbele: TANGA YAMPA MGONGO LODI. Zile pumzi zilizobanwa wakaziita hasira iliyozuiliwa. Yule wa saa wakasema anamwonyesha Lodi kwamba muda wake umekwisha. Naapa waliandika hivyo.

Fanueli alishtuka kama siku mbili hivi, halafu utamu ukamwingia, na mimi simlaumu. Vijana wa chama cha kudai uhuru walikuwa wanamsalimia mpaka barabara ya pili. Mmoja wao, Abdulwakil, fundi cherehani aliyekuwa mdomo wa vijana wote wa Makorora, alimshonea koti la bure na kumwita jemadari. Mkata mkonge aliyeshindwa mkonge, leo jemadari. Ungekataa wewe? Akaambiwa picha imepelekwa Nairobi kwenye mashindano, na huko ikachaguliwa picha bora ya habari ya Afrika Mashariki. Akapelekwa huko na koti lake kupewa kombe. Waamuzi wakasema kwa Kiingereza maneno marefu kuhusu uvumilivu wake wa kuisubiri ile dakika. Kiingereza chake kilikuwa cha "sit down" na "don't move". Akaitikia kwa kichwa.

Tatizo la tuzo ni kwamba inasomwa na watu wengi. Gazeti la Dar boma wangeweza kujifanya hawakuliona. Tuzo ya Nairobi ilifika mpaka London, na London wakamuuliza DC wa Tanga kulikoni. DC akatafuta wa kumkamata. Umati hauna jina. Lakini mstari wa mbele, katikati, mashavu yamevimba, sura inaonekana mpaka kipini cha puani, alikuwepo mtu anayejulikana na mji mzima.

Bi Mastura aliitwa bomani. Akaambiwa yeye ndiye aliyewaashiria watu wageuke, na kwamba kibali cha ngoma yake kimezuiwa mpaka ijulikane vinginevyo. Lelemama isicheze popote, harusini wala sikukuuni. Wewe unaweza kuona ni ngoma tu. Kwa wanawake wale, wengi wao wajane na walioachwa, ile ngoma ndiyo iliyokuwa inawazika, inawauguza, inawavisha binti zao wanapoolewa. Ikifa, kila mmoja anabaki na ukuta wake.

Hakwenda kwa wakili. Alikwenda studio. Fanueli alikuwa anapanga mtoto kwenye kigoda, akamwona anaingia na buibui lake, akamwamkia shikamoo. Marahaba hakuipata.

"Mgosi," Bi Mastura akasema, "mimi siku ile nilikupa mgongo au nilikupa uso?"

"Ulinipa uso, Bi Mastura."

"Kwa nini nilikupa uso?"

"Kwa sababu niliita."

"Basi kaseme hivyo bomani. Maneno hayo hayo, usiongeze chumvi."

Akamwambia asimletee koti wala kombe, hana pa kuviweka. Akaondoka. Mtoto wa kwenye kigoda alikuwa bado amebana pumzi, mama yake ndiye aliyemzindua.

Habari zikamfikia Abdulwakil kabla jua halijasogea. Akaja mbio, sindano bado iko kwenye kola. Hakumtukana, na Mama Ruthi anasema afadhali angemtukana. Alimkalisha chini akamweleza kwamba watu Pangani, watu Mkwaja, watu ambao hawajawahi kuiona Tanga, wameibandika picha ile ukutani. Sasa yeye aende akamwambie mzungu kwamba hapakuwa na lolote, watu walitaka tu kupendeza?

"Si ndiyo ukweli," Fanueli akasema.

"Ukweli wako una faida kwa nani?"

"Kwa Bi Mastura."

"Bi Mastura atavumilia. Nchi nzima inavumilia. Wewe ukifungua mdomo bomani, umetuuza, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema."

Nataka uelewe hapa, maana wengi mnaruka. Abdulwakil hakuwa mjinga, na hakuwa mbaya. Alikuwa na hoja. Fanueli naye hakuwa mtu wa siasa. Hata mkutano hakuwahi kuhudhuria, alikuwa anapiga picha za nje ya mkutano. Akiondoa ule ukurasa wa mbele, anabaki mtu wa kufokea watoto kwenye kigoda. Alijua hivyo. Alivaa lile koti, akalivua, akaenda bomani na shati.

DC alimsikiliza akicheka. Karani wake, Rafaeli, Mkatoliki mmoja mwenye nywele za kuchana katikati, alikuwa anatafsiri, na alipofika pale pa "nikaita wakageuka" DC akamwambia atafsiri tena. Kisha akasema haiwezekani. Watu wote wale hawawezi kugeuka kwa sauti ya mpiga picha wakati mkubwa wa serikali anasema. Fanueli amehongwa na yule mwanamke au ametumwa na chama.

Fanueli akaomba aende akachukue kamera.

DC alikuwa na tabia ya michezo, akakubali. Akamwita Bi Mastura naye aje ashuhudie uongo unavyoumbuka. Akapanga askari wake uwanjani mwa boma wamesimama sawasawa kutazama bendera, akaweka matarishi na makarani nyuma yao, akasimama mwenyewe mwishoni mwa mstari, bendera mbele, na kumweka Bi Mastura kando yake. Akatoa amri kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa kidole: mtu asigeuke. Atakayegeuka ataona.

Fanueli akawa mgongoni mwao, kama Raskazone. Akasimamisha miguu yake mitatu bila haraka. Akajifunika.

"Haya, huku!"

Askari wa kwanza aligeuka kabla ya neno la pili. Wa pili akamfuata. Rafaeli akageuka huku mkono unapapasa nywele. Matarishi wakageuka, wafungwa waliokuwa wanakata majani pembeni wakaacha mapanga wakajipanga, wafupi mbele. Na mwishoni mwa mstari, yule aliyetoa amri mwenyewe, mkono ukapanda shingoni, tai ikakaa sawa, kidevu juu, pumzi ndani. Fanueli akabonyeza.

Bi Mastura peke yake hakugeuka. Alikuwa amemnunia Fanueli.

DC akawa mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Kisha akamwuliza Fanueli, kwa sauti ya chini, kama amepepesa.

"Hapana, Bwana. Safari hii umetoka vizuri."

Kibali cha lelemama kilirudi kabla Bi Mastura hajafika kwake. DC alikitaka kile kioo cha picha, na akapewa, siku ileile. Ila kabla ya kukipeleka Fanueli alichapisha chache, kwa sababu askari walikuja studio mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma kuziomba. Walikuwa wametokea vizuri, na hakuna askari anayekubali picha nzuri ya sare yake ipotee hivihivi.

Abdulwakil alitimiza ahadi yake. Wiki hiyohiyo Makorora yote ilijua kwamba Fanueli kakimbilia bomani kulamba viatu. Jemadari akawa kibaraka. Gazeti la Dar halikumtuma tena popote. Walisema wamepata mtu mwingine. Nairobi hawakulidai kombe, maana kulidai ni kukubali kwamba walitazama picha ya watu wanaojipendekeza kwa kamera wakaona mapinduzi. Mkewe alilitumia kupimia mchele. Wateja wa studio hawakuacha kuja, sikukuu ni sikukuu, lakini walikuja, wakabana pumzi, wakalipa, wakaondoka bila kumuaga. Alifanya kazi hivyo mpaka macho yalipomwishia. Waliomzika walikuwa wachache, isipokuwa lelemama. Lelemama walikuja wote, na leso za sare. Bi Mastura hakuwa amesema asante hata siku moja, ila siku ile alikaa mbele.

Sasa ile picha ya Raskazone imerudi, kila Desemba. Mpiga picha hamumtaji. Na pale Makorora wajukuu wa waliomwita kibaraka bado wanamwita hivyo, na Mama Ruthi akijaribu kueleza kwamba baba yake alikwenda bomani kwa ajili ya wanawake wasiokuwa na mtu, na kwamba mkoloni mwenyewe alifedheheka uwanjani mwake, wanamwambia alete ushahidi. Hana. Nakala yao ya ile picha ya bomani iliungua na nyumba.

Kwa hiyo nina ombi, na safari hii usibonyeze moyo. Kama babu yako alikuwa askari, tarishi au karani wa boma ya Tanga zama zile, inuka, nenda kafungue sanduku la bibi yako, pembeni kule chini ya vitenge ambavyo havivaliwi. Tafuta picha ya askari waliojipanga, mzungu mwishoni ameshika tai, videvu vyote juu, na kando yake mwanamke mmoja wa buibui unayemwona mgongo tu. Ukiipata, usiiweke mtandaoni, utaiandikia upuuzi chini. Nipigie mimi, au ipeleke Makorora mkononi mwa Mama Ruthi, ukabishe hodi kwa sauti, maana masikio yake yameanza kuwa mazito.